Tumemtazama Rais wa Marekani vya Kutosha, Sasa Tulitazame Bunge Lake

Alhamisi ya 22 Mei 2025, Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada mkubwa wa kodi na matumizi kwa kura 215 dhidi ya 214. Ndani yake, katikati ya mamia ya kurasa, mlikuwa na kifungu kilichotaka kila asiye raia wa Marekani anayetuma pesa nje ya nchi hiyo akatwe asilimia 3.5. Rasimu ya kwanza ilikuwa imetaja asilimia 5. Chukua binti aliyeko Dallas anayemtumia mamake wa Ahero, Kisumu, dola 200 kila mwezi: asilimia 3.5 ni dola 7, na kwa bei ya shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 903 zinazobaki Washington kila mwezi kabla simu ya mama haijalia.

Mswada ulipofika Seneti kifungu kikabadilika. Makato yakashushwa hadi asilimia 1, yakawekwa kwa kila mtumaji, raia na asiye raia, lakini kwa anayelipa kwa pesa taslimu, hundi ya benki au hati ya malipo ya karatasi tu. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa huko, hakatwi. Seneti ilifungana 50 kwa 50 tarehe 1 Julai, Makamu wa Rais JD Vance akapiga kura ya kuamua. Bunge la Wawakilishi likaukubali tarehe 3 Julai kwa 218 dhidi ya 214, rais akatia sahihi kesho yake, na makato yakaanza na pesa zilizotumwa kuanzia 1 Januari 2026. Kwa hiyo ukiwa na ndugu huko ambaye bado anabeba noti hadi dukani kutuma pesa, mwambie aache. Afungue akaunti, aunganishe kadi na programu ya kutuma, na ile asilimia haitamgusa.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu inaonyesha mahali ambapo macho yetu hayafiki. Mazungumzo yetu ya siasa za Marekani, kutoka stendi ya bodaboda Kondele hadi kwa wauza magazeti wa Oginga Odinga Street, ni ya mtu mmoja: Obama, kisha Trump, kisha Biden, kisha Trump tena. Tunabishana kuhusu rais mpaka chai inapoa. Lakini kilichoamua kama mama wa Ahero atapoteza shilingi 903, 258 au sifuri ni wabunge na maseneta ambao majina yao hayajawahi kutajwa kijiweni hata siku moja.

Tazama tena ile 215 kwa 214. Bunge la Wawakilishi lina viti 435, na uchaguzi wa Novemba 2024 uliwapa Republican, chama cha Trump, 220 na Democratic, chama cha Obama na Biden, 215. Kufikia siku ya kura hiyo viti vitatu vya Democratic vilikuwa wazi kwa sababu wenyewe walikuwa wamefariki: Sylvester Turner wa Texas na Raúl Grijalva wa Arizona mwezi Machi, na Gerry Connolly wa Virginia siku moja tu kabla ya kura. Sisemi mswada ungeanguka wangekuwa hai. Republican wawili hawakupiga kura na mmoja alijiandikisha kuwepo tu, na huenda Spika angewatafuta. Ninachosema ni kwamba kiti kikiwa wazi kina uzito. Kule gavana ndiye anayepanga tarehe ya uchaguzi mdogo wa kiti cha Bunge la Wawakilishi, na hawezi kuteua mtu akikalie hata kwa siku moja. Gavana wa Texas aliupanga wa kiti cha Turner uwe 4 Novemba, miezi minane baada ya kifo. Mrithi wa Grijalva, bintiye Adelita, alichaguliwa 23 Septemba na hakuapishwa hadi 12 Novemba.

Watu wa eneo bunge la Ugunja, Siaya, hawahitaji kufundishwa somo hili. Mbunge wao alipoteuliwa waziri mwaka 2024, kiti kilikaa wazi hadi uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025, kwa kuwa tume yetu ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna, ingawa Katiba yetu inataka uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90. Mwaka mzima na zaidi bila sauti Bungeni. Marekani hali hiyo huweza kuwa uamuzi halali wa gavana, na hapo mimi naona Katiba yetu, ikifuatwa, ni bora kuliko yao.

"Obama hakutufanyia kitu"

Lalamiko hili bado linasikika Nyanza nzima, na linastahili jibu la kweli badala ya kuchekwa. Alipochaguliwa Novemba 2008, Rais Kibaki alitangaza sikukuu ya kitaifa na Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake Obama, ikajaa wageni. Watu walitarajia barabara, viwanda, visa.

Rais wa Marekani hana mfuko wake. Kila dola inayotoka hazina lazima iidhinishwe kwa sheria na Kongresi, yaani Bunge la Wawakilishi na Seneti kwa pamoja. Obama alikuwa na wingi katika mabunge yote mawili kwa miaka miwili tu, 2009 na 2010, na nguvu hiyo aliitumia kuokoa uchumi wao uliokuwa umeporomoka na kupitisha sheria ya bima ya afya ya Machi 2010. Novemba hiyo hiyo Republican walijiongezea viti 63 katika Bunge la Wawakilishi. Kuanzia Januari 2011 hadi anaondoka madarakani, kila bajeti yake ilipita mikononi mwa wapinzani. Anayelaumu asilaumu bila kutaja viti hivyo 63.

Sasa linganisha na George W. Bush, ambaye hakuna aliyemchinjia kuku huku kwetu. Mwaka 2003 alipeleka Kongresi mpango wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, na wabunge wa vyama vyote viwili wakaidhinisha dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kisumu, Siaya na Homa Bay, kaunti zilizoumizwa na ugonjwa huo kuliko nyingi nchini, zinajua vidonge hivyo vilifanya nini. Mtoto wa damu yetu aliingia Ikulu ya Marekani, lakini mkono uliofika zahanati zetu kwa nguvu zaidi ulianzia kwenye sheria iliyopitishwa kabla yake.

Rais naye ana nguvu zake, na mwaka 2025 tuliziona. Tarehe 20 Januari Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia 1 Julai shirika la USAID, lililoanzishwa 1961, lilikuwa limefungwa. Hilo lilitoka kwenye meza ya rais. Ila alipotaka kuzifuta kabisa fedha zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa, ilibidi aende Kongresi kuomba, na hapo ndipo maseneta waliondoa dola milioni 400 za PEPFAR kwenye orodha ya kukatwa kabla ya kuukubali mswada kwa 51 dhidi ya 48. Kupunguzwa kwa jumla ya dola bilioni 9 kulipita. Zile milioni 400 zikanusurika. Rais anaweza kufunga bomba kwa ghafla, lakini kuna nafasi ndogo ndani ya Seneti ambapo kitu huokolewa, na wanaokiokoa ni maseneta wachache wa chama chake mwenyewe. Kisumu, mji ambao hospitali yake kuu bado inaitwa Russia, kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga, unapaswa kuelewa kwamba siasa za mbali hufika mpaka kitandani mwa mgonjwa.

Hakuna IEBC

Kosa kubwa tunalolifanya tukitazama uchaguzi wao ni kusubiri mtu mmoja asimame atangaze, kama mwenyekiti wa IEBC pale Bomas. Hayupo. Hakuna tume ya taifa inayohesabu kura Marekani, hakuna daftari moja la wapiga kura, hakuna kitambulisho cha taifa. Kila jimbo lina sheria yake, na kazi yenyewe hufanywa na maafisa wa kaunti na miji, wengi wao wakiwa wamechaguliwa kwa tiketi ya chama. North Dakota haisajili wapiga kura kabisa. Unaenda na kitambulisho kinachoonyesha unaishi huko. Minnesota, ambako kuna Wakenya wengi, unaweza kujisajili kituoni siku ya kura ukiwa na uthibitisho wa makazi. Texas daftari hufungwa siku 30 kabla.

Yale majina ya washindi unayoyaona kwenye runinga usiku huo ni makadirio ya vyombo vya habari. Shirika la Associated Press limekusanya matokeo tangu 1848, na likisema fulani ameshinda, limefanya hesabu kwamba kura zilizobaki haziwezi kumfikisha mpinzani wake. Ni kazi ya uangalifu mkubwa na makosa yake ni machache, lakini kisheria haina uzito. Matokeo ya kisheria huja wiki kadhaa baadaye, kaunti zikishapatanisha idadi ya kura na idadi ya waliopiga, kisha jimbo likatia muhuri.

Karatasi yao pia si kama yetu. Sisi tunapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake. Wao hupewa karatasi moja ndefu, mara nyingi pande zote mbili, yenye rais au seneta juu, kisha mbunge, gavana, wabunge wa jimbo, majaji, mkuu wa polisi wa kaunti, bodi ya shule, na maswali ya ndiyo au hapana kuhusu kodi au mikopo ya kaunti. Unajaza kiduara kwa kalamu, karatasi inapita kwenye mashine. Hakuna wino kidoleni.

Uchaguzi hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kwa sheria ya 1845. Kwa wakati huo saa za kiangazi, wanaposogeza saa mbele kwa saa moja, zinakuwa zimeisha, kwa hiyo pwani yao ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa nane, si saba kama miezi ya Julai. Usikeshe bure. Vituo vya kwanza, sehemu za Indiana na Kentucky, hufungwa saa nane usiku wetu. Georgia na sehemu kubwa ya Florida saa tisa. Ohio na North Carolina saa tisa na nusu. Pennsylvania saa kumi. Wisconsin, Arizona, Iowa na sehemu ya mwisho ya Michigan saa kumi na moja alfajiri, Nevada saa kumi na mbili, California saa moja asubuhi. Mtu mwenye kazi Kibuye alale mapema Jumanne, aamke saa kumi na moja; hatakuwa amekosa lolote la maana. Florida ndiyo ya kwanza kutoa picha kamili, kwa kuwa huanza kushughulikia kura za posta wiki kadhaa kabla na hutoa matokeo yake kwa kasi.

Hapa ndipo uongo huzaliwa. Kura za posta hazihesabiwi kwa mpangilio mmoja. Pennsylvania kwa mfano, sheria haikuruhusu bahasha kufunguliwa kabla ya saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi. Mwaka 2020 wafuasi wa Democratic walitumia posta zaidi kwa sababu ya korona, wa Republican wakaenda vituoni. Kura za vituoni zikasomwa kwanza, Trump akaonekana akiongoza Pennsylvania kwa zaidi ya 600,000. Bahasha zilipoanza kupasuliwa, pengo likayeyuka siku baada ya siku, na mwishowe Biden akashinda jimbo hilo kwa 80,555. Kura hizo hazikuibuka usiku wa manane. Zilikuwa zimefika mapema, zikingoja sheria iruhusu zifunguliwe. Picha za kwenye WhatsApp za mstari wa bluu, rangi ya Democratic, unaoruka juu ghafla zilikuwa zinaonyesha kaunti moja kubwa ikiingiza hesabu yake kwa mkupuo. Kosa la kulaumiwa lilikuwa la wabunge wa jimbo waliokataa kubadilisha sheria huku wakijua kitakachotokea.

California huenda mwendo mwingine. Mwaka 2024 ilikubali bahasha zilizogongwa muhuri wa posta hadi siku ya kura na kufika ndani ya siku saba. Kila bahasha ina sahihi, na sahihi hulinganishwa na iliyo kwenye faili. Isipolingana, kura haitupwi papo hapo. Mwenyewe huandikiwa na kupewa siku kadhaa aithibitishe. Mtu aliyezeeka, aliyevunjika mkono, au aliyebadilisha jina baada ya ndoa ndiye hunaswa zaidi. Kisha kuna kura za masharti: mtu anafika kituoni, jina halionekani, anapiga kura inayowekwa kwenye bahasha ya kando mpaka ithibitishwe kuwa ana haki. Sheria ya taifa ya 2002 ndiyo iliyolazimisha utaratibu huo. Vitu hivi vinaonekana vidogo mpaka ukutane na kiti kama cha eneo bunge la 13 la California, ambacho mwaka 2024 Adam Gray alikinyakua kwa kura 187, na jibu likajulikana Desemba. Au Iowa mwaka 2020, Mariannette Miller-Meeks alipotangazwa mshindi kwa kura 6. Sita! Kila eneo bunge lina takriban watu 760,000, na mshindi akapatikana kwa idadi inayotosha kwenye probox moja.

Makosa ya kweli hutokea pia, na namna yanavyogunduliwa ndiyo sehemu ninayoiheshimu. Georgia mwaka 2020 ilihesabu upya kwa mkono karatasi zake zote za urais, karibu milioni tano. Katika kaunti ya Floyd ikabainika kuwa kura zaidi ya 2,000 hazikuwa zimepitishwa kwenye mashine ipasavyo. Kwingineko kadi ya kumbukumbu ya mashine ilikuwa haijapakiwa. Kura hizo ziliongezwa, zikapunguza uongozi wa Biden, na baada ya hesabu nyingine ya mashine akabaki mbele kwa 11,779. Makosa yalipatikana kwa sababu karatasi ilikuwepo, na kwa sababu palikuwa na muda.

Muda ndio tunaoukosa sisi. Katiba inaipa Tume siku saba kutangaza rais, mlalamishi siku saba kwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu siku 14 kuamua. Mwaka 2017 majaji walifuta uchaguzi ndani ya muda huo, na mwaka 2022 wakaukubali ndani ya muda huo, na mara zote mbili hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufungua masanduku yote nchini akahesabu upya. Siku 14 ni chache mno. Ningeunga mkono marekebisho ya kuongeza muda huo kabla ya Agosti 2027.

Lakini tuna kitu ambacho Wamarekani wangepaswa kuja kujifunza kwetu: fomu 34A. Kura huhesabiwa palepale kituoni mbele ya maajenti, fomu inatiwa sahihi na kubandikwa mlangoni, picha yake inapakiwa kwenye tovuti ya umma. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na kijana yeyote wa Nyalenda mwenye bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Marekani hakuna kitu kama hicho kwa taifa zima. Kila kaunti ina tovuti yake, muundo wake na kasi yake, na kura za posta hujumlishwa kwenye ofisi ya kaunti, mbali na macho ya jirani aliyekaa foleni nawe. Mtu anaposema kila siku kwamba sisi ndio wa kujifunza kwao, namkumbusha fomu hiyo.

Kuhusu urais nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wanaujua huo mfumo kijuujuu. Wajumbe wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo ni 538: idadi ya wabunge 435, maseneta 100 na watatu wa mji wa Washington. Anayepata 270 ameshinda. Majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska, ambayo hugawanya sehemu kwa maeneo bunge. Obama alichukua mjumbe mmoja wa Omaha kwa njia hiyo mwaka 2008. Mwaka 2000 Bush alipata wajumbe 271 kwa kushinda Florida kwa kura 537, ingawa Al Gore alimzidi kwa zaidi ya kura nusu milioni nchini kote. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na bado akashindwa.

Wapime kwa kipimo chetu cha nusu ya kura zote na kura moja zaidi. Clinton alipata asilimia 48.2, Trump 46.1, wote wangerudi kwa duru ya pili. Hata mwaka 2024, ambapo Trump alichukua majimbo yote saba yenye ushindani na wajumbe 312, kura zake zilikuwa asilimia 49.8. Kwa Katiba ya Kenya asingeapishwa bila kurudi debeni. Na sharti letu la asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti humlazimisha mgombea aje Kisumu na aende Garissa hata kama hapendwi. Mgombea wao hana haja ya kukanyaga California wala Wyoming.

Simu unayompigia ndugu yako

Kila Novemba wazazi huku hupiga simu Marekani na kuuliza, "Umepiga kura?" Swali hilo lina hatari kwa mtu ambaye hajawa raia. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi huko kwa kudumu, haruhusiwi kupiga kura ya rais wala ya Kongresi, na akipiga anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kufukuzwa nchini.

Mtego wenyewe huwa kwenye ofisi ya leseni za udereva. Sheria ya 1993 inawataka maafisa wa majimbo mengi wamuulize kila anayechukua leseni kama anataka kusajiliwa kuwa mpiga kura. Mgeni aliyechoka na foleni anatia alama ya ndiyo kwenye fomu au skrini bila kusoma, na mstari unaofuata unasema, "Naapa mimi ni raia wa Marekani." Ametia sahihi. Sheria ya 1996 inahesabu hilo kuwa kudai uraia kwa uongo, na athari yake haiishi kwa kusema samahani. Miaka mitano baadaye anajaza fomu N-400 ya kuomba uraia, na inamuuliza kama amewahi kujisajili au kupiga kura. Hapo ndipo familia nzima huanza kuchanga fedha za wakili.

Mwambieni hivi: kwenye ofisi ya leseni, swali la kusajiliwa jibu ni hapana mpaka siku atakapoapishwa kuwa raia. Kadi ya mpiga kura ikimfikia kwa posta bila kuiomba, asiitumie. Akigundua alisajiliwa kimakosa, aende kwanza kwa wakili wa uhamiaji, kabla ya kuandika barua ya kujifuta na kabla ya kugusa N-400, kwa sababu maneno atakayoyaandika yatabaki kwenye faili lake. Aliyekwisha kuapishwa naye asingoje Novemba. Ajisajili wiki hiyo hiyo, na akihama jimbo au hata mtaa, ajisajili upya, maana jina halimfuati.

Na akishakuwa na haki hiyo, mwulizeni mbunge wake ni nani. Uchaguzi wa katikati ya muhula, kama ule wa 3 Novemba 2026, hauna rais kwenye karatasi: viti vyote 435 vya Bunge la Wawakilishi na viti 35 vya Seneti, pamoja na magavana 36. Watu wachache hujitokeza kuliko mwaka wa urais, hivyo kura ya mtu mmoja inakuwa nzito zaidi. Mipaka ya maeneo bunge nayo husogezwa. Texas iliichora upya mwaka 2025 ili Republican wapate viti zaidi, California ikajibu kwa kura ya wananchi mwezi Novemba ili Democratic wapate vyao. Aangalie upya yuko eneo bunge gani, hata kama hajahama nyumba.

Bunge jipya huanza 3 Januari. Kabla ya Spika kuchaguliwa hakuna mbunge anayeapa, na mwaka 2023 Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura kwa muda wa siku nne. Mwaka wao wa fedha huanza 1 Oktoba. Wasipokubaliana kufikia usiku wa 30 Septemba, ofisi za serikali hufungwa, kama zilivyofungwa kwa siku 43 kuanzia 1 Oktoba 2025, wiki ile ile ulipoisha muda wa AGOA, sheria inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Anayetaka kujua mapema kama zahanati za kando ya ziwa zitapata dawa afuatilie kamati za matumizi za Kongresi miezi ya Juni na Julai, mswada wa misaada ya nje unapoandikwa mstari kwa mstari. Kura za ukumbini huwekwa na majina yote kwenye tovuti ya clerk.house.gov kwa Bunge la Wawakilishi, na senate.gov kwa Seneti, bila malipo, na ukurasa wake ni mwepisi kiasi cha kufunguka hata kwenye simu ya bei nafuu.